Wimbo Ambao Jopo Bado Halijauchoka

Tabora hatuna jumba la michezo ya kuigiza yenye nyimbo. Tuna kwaya, nyingi na nzuri, tuna bendi za harusi, tuna ngoma, na tuna sifa ya dansi tangu enzi za Kiko Kids, Nyanyembe na Tabora Jazz. Lakini anayetaka kusimama jukwaani aigize na kuimba hadithi moja tangu mwanzo hadi mwisho, sanaa ambayo Wamarekani wameifanya biashara kubwa pale Broadway, New York, itambidi apande basi. Nimepanda. Nimesailiwa Dar es Salaam, Bagamoyo, hata Nairobi, na nimekataliwa mara nyingi kuliko nilivyokubaliwa. Wasichana wa kwaya yetu wakiniuliza mambo ya usaili hutegemea niwaeleze habari za sauti na pumzi. Hizo mwalimu wa kwaya anazijua kuliko mimi. Mimi nataka kuzungumzia faili la nyimbo, yaani karatasi za nyimbo ulizoandaa kwa ajili ya usaili, maana ndilo lililonisumbua zaidi na hakuna aliyekuwa amenieleza.

Usaili wangu wa kwanza mkubwa ulikuwa kwenye ukumbi wenye mlango wa mbao nyembamba, kwa hiyo sisi tuliokaa nje kwenye benchi tulisikia kila kitu. Msichana wa mbele yetu aliimba balada ya filamu ya katuni ambayo kila mtoto aliyekulia karibu na deki ya DVD anaijua. Akatoka. Aliyefuata akaimba hiyohiyo. Wa tatu akaleta nyingine, tukashusha pumzi, wa nne akairudia ile ya kwanza. Dada mmoja aliyekaa pembeni yangu alikuwa ameiandaa pia; nilimwona anafungua simu kutafuta wimbo mwingine pale pale, mikono ikitetemeka. Mimi nilikuwa na wimbo wa injili uliokuwa ukipigwa redioni mwaka ule. Mwongozaji alinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, halafu akasema, "Asante sana dada. Huyo mwimbaji namfahamu. Wewe bado."

Nimeyatafakari maneno yale kwenye mabasi mengi. Watu wengi wakiambiwa walete wimbo mpya wanadhani kinachotakiwa ni wimbo usiojulikana na mtu yeyote, wanaenda kuokota kitu kigeni kisicho na ladha. Shida ya wimbo maarufu ni kwamba jopo linasikia sauti mbili kwa pamoja: yako, na ile ya mwenye wimbo iliyomo vichwani mwao tayari. Wanaanza kulinganisha bila kupenda. Wimbo wanaoujua kidogo, au wanaoujua lakini hawajausikia kwa miaka, unawaacha na sauti moja tu ya kushughulika nayo.

Matangazo ya usaili wa namna hii hufanana. Mengi niliyokutana nayo yalitaka nyimbo mbili, mmoja wa Kiswahili na mmoja wa Kiingereza kutoka mchezo wa jukwaani, kila mmoja usizidi vipimo 32, na usiwe wimbo wa mchezo wenyewe unaosailiwa mpaka wakuombe. Vipimo ni vile visehemu vinavyotenganishwa na mistari ya wima kwenye karatasi ya muziki. Hapa wengi wanakwama kwa sababu kipimo si sekunde. Kama kila kipimo kina mapigo manne, vipimo 32 ni mapigo 128. Wimbo wa mapigo 64 kwa dakika utakula dakika 2 nzima, na jopo lililosikiliza watu tangu asubuhi litaziona ndefu. Wimbo wa mapigo 128 kwa dakika utaisha kwa dakika 1. Wakikuambia vipimo 16, huo wa haraka ni nusu dakika tu. Pakua programu ya kuhesabu mapigo kwenye simu, zipo za bure, upime kabla hujaupenda wimbo sana.

Nilianzia kanisani kwa kuwa ndiko niliko. Nikagundua haraka kwamba nyimbo zetu za kwaya, hata zile zinazowatoa watu machozi Jumapili, zimejengwa kwa sauti nne. Mimi naimba sauti ya pili. Ukiitoa peke yake inabaki kama ukuta uliosimama bila nyumba. Nikajaribu Bongo Fleva: kiitikio kizuri, lakini ndani ya dakika moja mwimbaji yuko palepale alipoanzia. Taarab ina maneno ya kuigizika kweli, kule kumsema mtu kwa mafumbo huku unamtazama usoni ni maigizo tayari, ila beti ni ndefu na utamu unategemea kupanda taratibu. Sikuipata ya kukata bila kuiua.

Jibu la kwanza lilitoka mtaa wa Ng'ambo, hapahapa Tabora, kwa mjomba wangu, fundi redio. Ana makasha ya kanda za dansi alizorekodi mwenyewe kutoka redioni zamani. Nilikuwa nikienda jioni anapofunga, tunasikiliza huku anakunywa chai yake ya rangi. Hizi nyimbo za zamani zina jambo ambalo mwigizaji analihitaji: zinaelekezwa kwa mtu. Zinamwita kwa jina. Mwanamume analalamika kwamba barua zake hazijibiwi, mwingine anamwomba rafiki ampatanishe na mkewe, mwingine anamuaga mama anapokwenda kutafuta maisha mjini. Mtu anataka kitu kutoka kwa mtu, na mpaka ubeti wa mwisho hali imebadilika, amepata au amekata tamaa. Baada ya hapo gitaa zinachemka na watu wanacheza, na sehemu hiyo kwenye usaili haikusaidii kitu kwa sababu kinanda kimoja hakiwezi kuwa gitaa tatu na tarumbeta. Utangulizi wa gitaa nao uukate. Mpiga kinanda akupe kipimo kimoja au viwili uingie. Kinachobaki, yaani hadithi yenyewe, mara nyingi ni dakika moja na kidogo.

Nilijiwekea jaribio ambalo bado nalitumia. Namsomea mdogo wangu maneno ya wimbo bila kuimba, kama ninayemsimulia jambo lililotokea mtaani. Akiuliza "halafu?" naendelea na wimbo huo. Akirudi kwenye simu yake nauacha, hata kama una noti ya juu inayonipendeza.

Bibi nilimwendea baadaye, kijijini upande wa Sikonge, na nusura nisiende kwa sababu nilidhani nyimbo zake ni za ngoma tu na hazina nafasi mbele ya jopo. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza hali za wote mmojammoja mpaka za paka. Ndipo nikamwambia natafuta wimbo.

"Wa nini?"

"Wa kuimba mbele ya watu wanaotafuta waimbaji, bibi."

"Wanalipa?"

"Wakinichukua."

"Basi nikupe wenye nguvu."

Alianza na wimbo mmoja wa kusherehekea mapacha. Wanyamwezi wenzangu wanajua nyimbo za mapacha zinavyokuwa na maneno ya aibu. Mama mkubwa aliyekuwa anachambua mboga aliondoka akicheka. Huo niliuweka moyoni tu. Nikamwomba mwingine niliowahi kumsikia akiuimba nikiwa mdogo, akakataa moja kwa moja. Ulikuwa wa Baswezi, wa mizimu, na akaniambia haujatungwa kwa ajili ya watu walioketi wakiandika alama. Sikubishana. Nawaomba na wenzangu msibishane: mwenye wimbo akisema huu hautoki, hautoki, hata ukiwa ndio mzuri kuliko yote na hakuna mtu Dar aliyewahi kuusikia.

Alinipa wa kutwanga. Mwanamke yuko kwenye kinu, anamuuliza mumewe aliyekwenda kwenye mkonge Tanga kama njia ya kurudi imeota majani. Waliokwenda kule kama manamba walikuwa wengi kutoka huku kwetu, na kabla yao walikwenda wapagazi, mizigo kichwani hadi Bagamoyo, kwa hiyo nyimbo za kumsubiri mtu aliye barabarani hatujapungukiwa. Mchi ndio unaoshika mapigo. Kwa ubeti wa mwisho mwanamke anaacha kuuliza, anatwanga tu. Nilimwomba bibi ruhusa ya kuweka beti kwa Kiswahili na kuacha kiitikio kwa Kinyamwezi. Akasema sawa, ila nisibadilishe mwendo, maana nikibadilisha mwendo unga hautaiva.

Wimbo wa Kiingereza ulikuwa na vikwazo vya pesa. Noti za nyimbo mpya za Broadway huuzwa mtandaoni kwa dola chache kila moja, na ukihitaji kumi kabla hujapata unaoufaa, hesabu inakuwa kubwa kwa mtu anayelipwa kwa harusi. Nikajifunza jambo ambalo lingeniokolea bando nyingi kama ningelijua mapema: Marekani, wimbo uliochapishwa miaka ile ya zamani unalindwa kwa miaka 95, kisha unakuwa mali ya wote. Nyimbo za jukwaani za miaka ya 1920, za akina George Gershwin, Jerome Kern na Irving Berlin, nyingi zimeshavuka muda huo, na karatasi zake halisi zinapatikana bure kwenye maktaba za mtandaoni. Watu wanazijua chache zinazoimbwa sana, zilizobaki zimelala.

Tena zinakaa vizuri kwenye usaili. Kiini cha nyimbo nyingi za kizazi kile ni vipimo 32, vilivyogawanywa sehemu nne za vipimo vinane vinane: wazo, wazo linarudiwa, sehemu ya tatu inageuka, wazo linarudi. Umeagizwa vipimo 32, unaimba kiini kizima bila kukata. Umeagizwa 16, unaanzia pale panapogeuka hadi mwisho. Kabla ya kiini huwa na utangulizi wa kama mazungumzo ambao waimbaji wengi huuruka. Ukipewa muda, uimbe, kwa sababu hapo ndipo anapoonekana mhusika. Tahadhari moja: soma maneno yote, beti zote, kabla hujaanza mazoezi. Nyimbo za wakati ule zimo zilizomdhihaki mtu mweusi waziwazi, na nyingine zimejificha kwenye ubeti wa pili.

Njia nyingine ni kutafuta michezo iliyoanguka. Stephen Sondheim, mtunzi wa Broadway, alikuwa na mchezo wake Merrily We Roll Along uliofungwa Broadway mwaka 1981 baada ya maonyesho 16 tu, na nyimbo zake ni nzuri mno. Ila angalia: ulirudi Broadway mwaka 2023, mwaka 2024 ukapata Tony, tuzo kubwa ya michezo ya Broadway, na sasa kila mwenye faili anazo. Upya wa wimbo una tarehe ya kuisha. Na hata kabla ya hapo, nyimbo za Sondheim ni ngumu kwa mpiga kinanda anayeiona karatasi kwa mara ya kwanza. Vivyo hivyo za mtunzi mwenzake Jason Robert Brown. Mpiga kinanda akipotea, utakayeonekana umepotea ni wewe.

Basi tuje kwenye karatasi, ambako mimi nilitumia muda mrefu kuliko kwenye kuimba. Kwaya zetu zinasoma do-re-mi. Nimekua na hizo herufi na nukta zake, naweza kuisoma sauti ya pili nikiwa nusu usingizini. Wapiga kinanda niliowakuta kwenye usaili walitaka noti za mistari mitano, na wengine, waliotoka kwenye bendi, walitaka herufi za kodi tu, yaani sauti zinazopigwa pamoja, C, F, G7, wakaendelea wenyewe. Kwa hiyo karatasi yangu ina vyote: mstari wa sauti, noti za mkono wa kushoto zilizo rahisi, na kodi juu yake. Niliziandika kwenye MuseScore, programu ya bure, kwenye kompyuta ya kuazima. Kijana anayepiga kinanda kwenye kanisa jirani alinisaidia kwa elfu ishirini kila wimbo, na kazi yake ilikuwa kubwa kuliko pesa hiyo, hasa ule wa bibi ambao haukuwa umeandikwa popote.

Uzuri wa programu ile ni kwamba unahamisha wimbo mzima juu au chini kwa kubofya. Nilikuwa nimezoea kuchagua ufunguo nikiwa nimepumzika, jioni, sauti imeshapata joto. Usaili unakuwa saa tatu asubuhi, baada ya safari, na vumbi la Agosti bado liko kooni. Sasa nachagua kwa sauti ya asubuhi mbaya. Wimbo wa mjomba niliushusha do kutoka C hadi A, nikapoteza mng'ao kidogo juu, nikapata maneno yanayosikika chini. Na kwa kuwa natoka Tabora lazima niseme: asali yetu ni nzuri, inywe na tangawizi upendavyo, inatuliza koo, lakini unachomeza hakipiti kwenye nyuzi za sauti. Maji ya siku nzima ya jana yake na usingizi ndivyo vilivyonisaidia.

Karatasi ziwe kwenye faili la matundu, zimechapwa pande mbili ili zisigeuzwe ovyo, mahali pa kuanzia pamezungushiwa kalamu, palipokatwa pamefutwa kabisa isiwe mistari ya kukisia. Zile za plastiki zinazong'aa uziache, taa inazipofusha. Baadhi ya majopo hayana kinanda kabisa, yanataka biti, yaani muziki uliorekodiwa bila mwimbaji. Uwe nayo kwenye simu na kwenye flashi, iliyokatwa kwa urefu uleule.

Safari iliyonipa kazi nilikwenda kwa basi hadi Dodoma, halafu treni ya SGR hadi Dar, nikafika siku moja kabla. Nauli, gesti, bajaji na chakula vilikaribia laki mbili na nusu, na hiyo ni bila kuhesabu harusi niliyoikosa wikiendi ile. Mpiga kinanda alikuwa Mzaramo. Aliposoma jina langu la ukoo kwenye karatasi akanyanyua kichwa: "Mnyamwezi! Safari hii umebeba nini?" Nikamjibu, "Karatasi tu, mtani. Na wewe ndiye utakayezibeba." Alicheka, na sisemi utani ndio ulionipitisha, lakini aliniuliza mwendo kwa upole na nikamnong'onea vipimo viwili badala ya kumgongea vidole, jambo ambalo nimeona wenzangu wakilifanya na wapiga kinanda wakilichukia.

Niliimba wa mjomba kwanza. Nilimchagua mtu wa kufikirika wa kumwimbia, nikamweka ukutani juu kidogo ya vichwa vya jopo, maana ukimkazia macho mwamuzi unamlazimisha kuigiza nawe wakati yeye anataka kuandika. Mzee mmoja kwenye jopo aliacha kalamu. Nadhani alikuwa anaukumbuka. Wakaniomba wa pili, nikatoa ule wa miaka ya 1920, wakanisimamisha katikati wakauliza kama nina kitu cha kwetu zaidi. Nikafungua ukurasa wa kinu. Mtani wangu alitazama noti zile chache, akaanza kugonga mbao ya kinanda kwa kiganja badala ya kupiga, na nikaimba hivyo.

Walinichukua kwenye kundi la waitikiaji, na sehemu ya kuimba peke yangu beti mbili. Malipo ni ya kila onyesho, mazoezi yalilipiwa nauli tu. Anayeanza ajue hivyo na ajipange na chumba cha ndugu. Nilikaa kwa binamu yangu Mbagala na sikupenda, ila sikuwa na njia nyingine.

Mwaka huu msichana mmoja wa kwaya yetu, niliyemfundisha ule wimbo wa mjomba mwenyewe, ameuimba kwenye usaili mwingine na amepita. Kwa hiyo kwangu umestaafu, walau Dar. Wa bibi nimeubakiza ila siupeleki kila mahali. Tangazo jipya linataka wimbo wa kuchekesha, na wa kuchekesha sina hata mmoja. Nyimbo zangu zote ni za kusubiri watu. Mjomba anasema ipo kanda isiyo na jina, upande wa pili, mwanamume anagombana na mama mkwe kuhusu baiskeli. Jumamosi akifunga duka nitaenda kuisikiliza, na kijana wa kinanda nimeshamwambia asipange kitu.